Basi lililojaa au baiskeli kwenye joto? Jibu kwa msomaji aliyekaribia kuzimia akiwa amesimama

Swali: "Nina miaka 46. Kazini kwangu ni kilomita 9 kutoka nyumbani. Njia ni tambarare, isipokuwa mlima mmoja mfupi wakati wa kurudi. Asubuhi napanda basi linalojaa hadi mlangoni. Nasimama dakika 50, siku nyingine saa nzima na zaidi, na nafika nimelowa kana kwamba nimetoka kulima. Msimu huu wa joto nimeshikwa na kizunguzungu mara mbili humo ndani, giza likanijia machoni. Nina baiskeli nzuri na nataka kuitumia, lakini mume wangu anasema kwa jua hili nitazimia barabarani, na mimi mwenyewe naogopa kufika ofisini nikinuka. Ofisini hakuna bafu. Natumia dawa ya presha, ile inayoongeza mkojo. Je, niendelee na basi au nipande baiskeli?"

Jibu:

Dada yangu, pole sana. Nitaanza na kile kizunguzungu, kwa sababu umekitaja katikati ya mengine kama jambo la kupita, na kwangu mimi ndicho chenye uzito kuliko yote uliyoandika. Kabla ya kuamua lolote kuhusu basi au baiskeli, nenda kwa daktari anayekuandikia dawa ya presha umweleze kama ulivyonieleza: mara mbili, umesimama, kwenye joto, giza machoni. Usiache dawa kwa uamuzi wako na usipunguze dozi. Huenda akabadilisha saa ya kuimeza au kiasi chake, huenda akaiacha kama ilivyo, lakini lazima ajue.

Nimefanya kazi miaka mingi ya kufuatilia afya za watu wanaofanya kazi kwenye joto, na nimeona mara nyingi watu wakihofia jua huku wakisahau kusimama tuli. Ukisimama bila kusogea kwenye joto, mishipa ya ngozi hutanuka ili damu ipeleke joto nje. Wakati huohuo damu nyingine hushuka miguuni kwa uzito wake. Ukiwa unatembea, misuli ya mashavu ya miguu huikamua damu hiyo na kuirudisha juu kila inapokaza. Mtu aliyebanwa katikati ya abiria, mkono mmoja juu kwenye bomba, hawezi hata kuinua kisigino. Damu inayorudi moyoni hupungua, presha inashuka, ubongo unakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache, na giza linaingia. Ndiyo maana askari vijana wenye afya njema kabisa huanguka kwenye gwaride. Wewe umeongezea hapo jasho la saa nzima, na dawa ambayo kazi yake ni kupunguza maji mwilini.

Kwa hiyo mumeo hajakosea kuhofia kuzimia. Alichosahau ni kwamba dalili za kuzimia umezipata ndani ya basi.

Siku utakazopanda basi, na zitakuwepo, fanya hivi. Usikaze magoti yakanyooka kama mti. Inuka kwenye vidole vya miguu kisha shuka, taratibu, mara 20, upumzike, urudie. Nafasi ikikosekana hata ya hilo, kaza mashavu ya miguu na mapaja ukiwa palepale uliposimama, kisha legeza. Ukianza kupiga miayo isiyo na usingizi, masikio yakavuma, kichefuchefu kikaja au ukaona vimulimuli, omba kiti hapohapo. Kiti kikikosekana, chuchumaa au keti sakafuni. Najua watu wataona aibu kwa niaba yako, lakini mtu aliyeketi sakafuni hawezi kuanguka akapasua kichwa.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hulinganisha vitu visivyolingana. Wanauliza jua la barabarani na kivuli cha basi, kipi kikali zaidi. Mwili wako unaulizia jambo jingine kabisa: jasho langu litakauka au halitakauka?

Jasho hupoza linapokauka juu ya ngozi na kugeuka mvuke. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoka na joto la karibu kilojuli 2,400, kiasi kikubwa sana. Jasho linalodondoka kwenye kidevu, au linaloishia kwenye shati la jirani yako, limetoka mwilini bila kukupoza. Umepoteza maji na chumvi bure. Sasa fikiria ndani ya basi. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la kama wati 100. Abiria 80 ni wati 8,000, sawa na kuwasha hita nne kubwa za umeme humo ndani, juu ya joto la bati na vioo vilivyopigwa na jua. Kila mmoja wao pia anatoa unyevu kwa pumzi na kwa ngozi. Madirisha yakiwa yamefungwa au basi likiwa limesimama kwenye foleni, hewa inajaa maji, na jasho lako halina pa kwenda. Ndiyo maana unafika umelowa ingawa hukufanya kazi yoyote.

Kwenye baiskeli joto linatoka mahali pengine, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote nitakayosema: sehemu kubwa ya joto la mwendesha baiskeli hutengenezwa na miguu yake mwenyewe, na kiasi chake anakiamua yeye. Misuli hugeuza robo tu, au chini ya robo, ya nguvu inayotumia kuwa mwendo. Iliyobaki yote ni joto. Mtu wa kilo 70 kwenye baiskeli ya kawaida, njia tambarare, akienda kilomita 15 kwa saa, anahitaji kusukuma pedali kwa nguvu ya kama wati 50. Joto analozalisha halipiti sana la mtu anayetembea kwa hatua za haraka. Akiongeza mwendo hadi kilomita 25 kwa saa, anahitaji kama wati 150, mara tatu, kwa sababu upinzani wa hewa hukua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Joto la misuli yake sasa linafika kama wati 500.

Tuyalete mahesabu hayo kwenye kilomita zako 9. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa utatumia dakika 36. Kwa kilomita 25 utatumia karibu dakika 22. Tofauti ni dakika 14, na hizo dakika 14 unazookoa ndizo zitakazokulowesha shati. Waendesha baiskeli wengi wanaolalamika kwamba baiskeli haifai kwenye joto wanaendesha kama wanaokimbizwa. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatisha ili uvute pumzi, mwendo ni sawa. Ukiona unajibu kwa neno mojamoja, punguza.

Ukienda kilomita 15 kwa saa, unajitengenezea upepo wa karibu mita 4 kwa sekunde, ambao basi lililojaa haliwezi kukupa. Upepo huo hukausha jasho kabla hujaliona. Ndiyo maana mtu hupanda baiskeli nusu saa akijiona mkavu, kisha anasimama kwenye taa za barabarani na papo hapo maji yanaanza kumtiririka usoni. Jasho lilikuwepo muda wote. Kilichosimama ni upepo. Kumbuka pia siku upepo wa asili unapovuma kutoka nyuma kwa mwendo uleule wako: hutausikia hata kidogo na utalowa, ingawa pedali zitakuwa nyepesi. Siku hiyo usijilaumu na usiongeze kasi, tafuta njia yenye kivuli tu.

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani baiskeli haina hatari. Nikueleze yaliyonipata. Siku moja nilichelewa kikao, nikatoka saa nane mchana na kukanyaga kwa nguvu zote kwenye barabara isiyo na mti hata mmoja. Kilomita ya sita hivi nilihisi ubaridi mikononi. Nikaangalia, vinyweleo vyote vimesimama, kama mtu aliyetoka kuoga maji baridi asubuhi, na jua linawaka juu yangu. Kazi yangu ni kuwafundisha wengine dalili hiyo, na bado nilikanyaga dakika mbili zaidi nikijiambia nimekaribia kufika. Kisha nikashindwa kukumbuka kikao kilikuwa cha nini. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilishuka, nikaketi kwenye kivuli cha ukuta, nikamimina chupa nzima ya maji kichwani na shingoni, nikakaa nusu saa. Sehemu iliyobaki niliitembea.

Mwili kusisimka kwenye joto, kichwa kugonga, kichefuchefu, miguu kulegea: ukiona lolote kati ya hayo, safari imeishia hapo. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka au kupoteza fahamu, na mwili wake unawaka moto, hicho kinaweza kuwa kiharusi cha joto, pale joto la ndani linapopita nyuzi 40. Usisubiri jasho likatike ndipo uamini, maana wengine hupatwa huku bado wanatoka jasho. Aitiwe msaada wa dharura, na wakati msaada unasubiriwa aloweshwe maji mwili mzima na kupepewa, au azamishwe kwenye maji baridi kichwa kikiwa nje. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu.

Siku za kuacha baiskeli nyumbani utazijua vipi? Usiangalie nyuzi za joto peke yake, angalia na unyevu wa hewa. Nyuzi 38 katika hewa kavu yenye unyevu wa asilimia 20 ni afadhali kwa mwendesha baiskeli kuliko nyuzi 33 zenye unyevu wa asilimia 80. Ile ya kwanza inachoma ngozi lakini inakunywa jasho. Ya pili inaonekana ndogo kwenye karatasi na inalikataa jasho. Wataalamu hupima jambo hili kwa kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji. Mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba kipimo hicho kikifika nyuzi 35, hata mtu aliyetulia kivulini hawezi kupoa. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba vijana wenye afya, wakifanya shughuli nyepesi tu kwenye hewa yenye unyevu mwingi, hushindwa mapema zaidi, karibu nyuzi 31 za kipimo hichohicho. Wewe si kijana wa majaribio, na unatumia dawa. Kwa hiyo siku ambayo nguo ulizoanika kivulini hazikauki, na shingo inanata hata ukiwa umeketi, panda basi, au omba kufanyia kazi nyumbani kama inaruhusiwa. Vilevile siku una homa, unaharisha, umekosa usingizi, au ulikunywa pombe jana yake.

Saa nayo ina neno kubwa. Alfajiri hadi saa mbili asubuhi ni wakati wa baridi kuliko saa nyingine za mchana, na mara nyingi njia ina vivuli virefu. Hewa huwa ya moto zaidi karibu saa tisa alasiri, si saa sita kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa ardhi huendelea kuipasha hewa hata jua likishapita utosini. Kwa hiyo safari yako ya asubuhi sina wasiwasi nayo sana. Ya kurudi ndiyo inayonifikirisha, hasa ukizingatia ule mlima. Ukitoka kazini saa kumi, subiri. Saa kumi na moja na nusu ni hali nyingine kabisa. Na ukifika kwenye mlima, shuka usukume. Kupanda mteremko wa wastani kwa baiskeli huongeza kirahisi wati 100 juu ya zile 50, tena kwa mwendo mdogo ambao haukupi upepo. Mlima hukunyima pande zote mbili, na kuisukuma baiskeli kwa miguu si kushindwa.

Kama uwezo upo, baiskeli ya umeme inayosaidia pedali ingekufaa mno wewe hasa. Injini hubeba mlima na upepo unabaki wako. Kama haipo, usihangaike nayo, ya kawaida inatosha.

Na si lazima uchague kimoja kwa maisha yako yote. Siku hizi watu huniuliza kama wanaoulizwa dini: basi au baiskeli. Unaweza kwenda kwa baiskeli mara mbili kwa wiki na basi siku zilizobaki. Unaweza kuendesha kilomita 2 au 3 kurudi nyuma hadi kituo basi linapoanzia, ukaifunga hapo kama pana usalama, ukapanda likiwa tupu na ukapata kiti karibu na dirisha. Hilo peke yake lingeondoa kile kizunguzungu cha kusimama.

Kuhusu faida, utafiti wa Uingereza uliofuata watu zaidi ya 260,000 na kutolewa mwaka 2017 uliona kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa asilimia 41 kuliko waliokwenda bila kuutumia mwili. Uingereza si nchi ya joto kali, na huenda watu wanaopenda baiskeli walikuwa na afya bora tangu mwanzo, kwa hiyo sikupi namba hiyo kama ahadi. Nakupa kwa sababu una presha, na mazoezi ya wastani ya mara kwa mara ni katika vitu vichache tunavyojua kwa hakika kwamba huishusha.

Moshi wa magari: utavuta hewa nyingi zaidi ukikanyaga kuliko ukiketi, lakini ukiwa mbali kidogo na barabara kuu moshi hupungua. Pita mitaa ya ndani hata kama njia inarefuka kilomita moja.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo lingeweza kubadilisha jibu langu lote, nawe hukuniambia. Barabara yenyewe ikoje? Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na wasio ndani ya gari hawana bati la kuwakinga. Kama kilomita zako 9 ni za kubanwa kati ya malori na mtaro, bila njia ya pembeni wala mitaa ya kukwepea, basi panda basi, na tutafute namna ya kukupatia kiti. Sitamshauri mtu aepuke joto kwa kujitupa mbele ya magurudumu. Kama njia tulivu ipo, vaa helmeti yenye matundu ya hewa, weka taa nyuma, na uvae rangi inayoonekana.

Ukiamua kuanza, anza polepole. Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14 za kukutana nalo: damu huongezeka maji, jasho huanza mapema na hupungua chumvi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri mfanyakazi mgeni kwenye joto afanye asilimia 20 tu ya muda wake siku ya kwanza, kisha aongeze si zaidi ya asilimia 20 kila siku. Kwako hiyo ina maana ya mzunguko wa dakika 10 jirani na nyumbani, alfajiri, halafu 15, halafu 20. Safari nzima ya kwanza ifanye siku ya mapumziko, saa ileile ungeenda kazini, bila mtu anayekusubiri.

Siku hiyo fanya kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu hakina ujanja. Jipime uzito kabla ya kutoka na tena baada ya kurudi, ukiwa umejifuta na kuvua nguo zilizolowa. Kila kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, ukijumlisha na maji uliyokunywa njiani. Kwa mwendo wa taratibu wa dakika 36 huenda ukaona nusu kilo au chini yake. Hiyo ni chupa moja ndogo ya maji, inywe kwa vipande, kadiri ya kiu. Usijilazimishe lita na lita, kwani maji kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na dawa yako inaweza kulizidisha hilo. Vinywaji vya chumvi visikuhusu mpaka daktari aseme, kwa sababu ya presha.

Nimalizie na hofu ya kunuka. Jasho jipya halina harufu kubwa. Harufu hutengenezwa na vijidudu vya ngozini na vya kwenye nguo vinapopata muda wa kulila. Oga kabla ya kutoka nyumbani na uvae fulana safi ya safari, pana, isiyobana. Begi lisikae mgongoni, lifunge kwenye keria. Niliwahi kuvua begi baada ya dakika 30 tu, shati likawa na alama ya begi zima, mabega hadi kiunoni, mbichi kama limechovywa, huku mikono na kifua ni vikavu. Mgongo ni uwanja mkubwa wa kupozea, usiufunike. Kilomita ya mwisho punguza mwendo hadi uwe kama unayetembea. Ukifika, usisimame ghafla na usikimbilie kubadilisha nguo: tembea kidogo, kivulini au mbele ya feni, dakika 10, kwa sababu jasho litaendelea kutoka mpaka joto la ndani lishuke. Kisha jifute kwa kitambaa chenye maji kwapani, shingoni na mgongoni, jikaushe, ndipo uvae shati la kazi. Ukilivaa kabla ya dakika hizo 10 kuisha, litalowa lenyewe na utakaa nalo hadi jioni.